Halojeni, zenoni au LED: taa ipi ya mbele yafaa gari lako hapa Mombasa

Shemeji yangu wa Bamburi alinipigia wiki iliyopita akiwa duka la spea mjini, mkononi ana pakiti tatu: balbu za halojeni, seti ya zenoni na zile LED zenye kifeni nyuma, na muuzaji kamganda, chukua hizi, zawaka kama mchana. Akaniuliza, shemeji, nichukue zipi? Nikamwambia usinunue chochote kwanza, mwombe akuazime hizo LED, njoo na gari usiku tuliweke mbele ya ukuta. Alinuna kidogo manake pesa ilikuwa ishatoka mfukoni, lakini alikuja.

Naandika hii kwa sababu swali lake najua wengi wanalo. Sisi tunaopita barabara ya Malindi usiku, kutoka Nyali hadi Mtwapa, shida tunaijua: gari laja mbele limeshusha taa, limeweka dimu (taa ya chini), lakini wewe huoni kitu, waona weupe tu, mstari wa barabara umepotea, mtu wa baiskeli aliyekuwa kando umempoteza, na kwa sekunde mbili tatu waendesha kwa kukumbuka barabara ilivyokuwa. Yule dereva si mtu mbaya. Mara nyingi ameuziwa balbu isiyoendana na taa yake, na yeye akiwa ndani anaona barabara inang'aa, anashukuru.

Vigezo vyangu ni hivi, na kila aina nitaipitisha kwenye vyote: mwale unaanguka wapi, unafika mbali kiasi gani, mvua na macho ya anayekuja, joto na chumvi yetu ya pwani, halafu mfuko.

Kabla ya balbu, angalia nyumba yake

Balbu inatoa mwanga, lakini mwale unatengenezwa na nyumba ya taa. Ukilishika hili mengine yote yatakuwa rahisi.

Mwanga ukitoka kwenye balbu unatawanyika pande zote, na ukiuacha hivyo hata uwe mkali vipi hautafika mbali. Kinachoukusanya ni lile bakuli la kung'aa nyuma ya balbu, rifleta, ambalo limekunjwa kwa hesabu: kuna nukta moja ndani yake, fokasi, na mwanga ukianzia pale pale kwenye nukta, ukigonga bakuli hutoka umenyooka, kila mshale sambamba na mwenzake. Huo ndo mwale. Ukianzia milimita moja au mbili pembeni ya nukta mwale unapanuka, unapinda, mwingine unapanda juu kwenye macho ya watu. Milimita moja tu! Ni kanuni ile ile ya taa zinazoongoza meli kuingia Kilindini, mwanga wenyewe si mkubwa, kazi kubwa inafanywa na lenzi. Augustin Fresnel, Mfaransa, alipoweka lenzi yake ya pete pete kwenye mnara wa Cordouan mwaka 1823 umeme wa taa haukuwepo, ilikuwa mafuta tu, na bado mabaharia waliuona mwanga kutoka mbali kuliko zamani.

Sasa chukua balbu ya halojeni ya H4, ile ya miguu mitatu, iliyo kwenye magari kibao hapa kwetu. Ukiisogeza karibu na jicho (isiwe imewaka) utaona ndani nyuzi mbili za tangsteni, moja ya fulu (taa ya juu, ya kuona mbali) na moja ya dimu, na chini ya ule uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kama ncha ya kijiko cha chai. Wengi hawajawahi kukiona. Kile kikombe kinaziba mwanga usigonge nusu ya chini ya bakuli, kwa sababu mwanga unaogonga chini ndio unaotoka ukipanda juu. Na kimekatwa kwa pembe ya digrii 15 upande mmoja, ili mwale uinuke kidogo upande wa kushoto wa barabara, pale wanapotembea watu, na upande wa kulia anakotoka mwenzako ubaki chini. Magari ya Japani yana mpangilio huo kwa sababu na wao wanaendesha kushoto kama sisi. Ukinunua taa nzima ya mtumba iliyotoka gari la usukani wa kushoto, mwale wake utainuka upande wa kulia, moja kwa moja usoni kwa watu, na hakuna fundi atakayekutengenezea hilo kwa kugeuza skrubu.

Mwale unaanguka wapi

Halojeni hapa iko vizuri kama gari lako limetoka kiwandani na halojeni, manake bakuli lilipimwa kwa uzi wa ukubwa ule, mahali pale. Balbu za halojeni zimeanza kwenye magari Ulaya mwaka 1962, hiyo H4 ikaja 1971, na mpaka leo H4 ya dukani inaingia kwenye bakuli la zamani na nukta inakaa pale pale.

Zenoni haina uzi. Ndani kuna gesi na umeme unaruka kati ya ncha mbili zilizoachana kama milimita 4, ule mruko wenyewe ndo unang'aa, umepinda kidogo kama upinde. BMW waliziweka kwenye 7 Series mwaka 1991, na magari mengine ya Japani yanayoshuka bandarini kwetu yana zenoni za kiwandani, lakini tazama zilivyowekwa: nyingi ziko kwenye projekta, lile jicho la kioo la mviringo, ndani yake kuna bati linalokata mwanga kabla haujafika kwenye lenzi. Ukiliwasha mbele ya ukuta waona mstari umekatwa kama kwa rula. Ni mwale mzuri sana huo, mimi naupenda. Ukiichukua zenoni hiyo hiyo ukaitia kwenye bakuli la H4, kikombe hakuna, uzi hakuna, kubadilisha fulu na dimu kunafanywa na sumaku inayovuta balbu mbele na nyuma, na mwanga unaenda kila mahali mpaka kwenye matawi ya miembe.

LED ni kitu kingine tena. Chipu yake ni bapa na inamulika upande mmoja tu, kwa hiyo ili ifanane na uzi wanapanga chipu pande mbili za kibati chembamba. Kibati kikiwa chembamba kweli na chipu zimekaa mahali pa uzi, mwale unakaribia ule wa halojeni. Kikiwa kinene, utaona ukutani madoa mawili yenye weusi katikati. LED za kiwandani hazina shida hiyo kwa sababu nyumba yake imechorwa upya kwa ajili yake, Lexus LS 600h ndo gari la kwanza kuuzwa na dimu ya LED, mwaka 2007, na tangu hapo zimeenea. Zile za kubadilishia ndo lazima uzijaribu moja moja. Ujerumani waliruhusu baadhi yake kuanzia 2020, lakini kwa orodha ya magari yaliyopimwa, modeli kwa modeli, manake balbu ile ile yaweza kuwa salama kwenye gari hili na mbaya kwenye lile.

Turudi kwa shemeji. Tuliegesha Probox yake mita 10 kutoka ukutani, chini pako sawa. Katikati ya taa zake ni sentimita 65 kutoka chini, nikabandika tepu ukutani kwa sentimita 55, kwa sababu dimu inatakiwa ishuke kama sentimita 1 kwa kila mita. Halojeni zake za zamani zilikuwa hafifu lakini mstari ulikaa kwenye tepu, na kile kipembe cha kushoto kilionekana. Tukatia zile LED. Ukuta ukawa mweupe kote, mstari haupo, mwanga umepanda mpaka kwenye dirisha la jirani, na chini kwenye lami mita kama tano hivi mbele pakawa panang'aa sana. Shemeji akasema lakini ona mwangaza! Nikamwambia nenda kasimame pale ukutani uangalie gari lako. Alienda, akainua mkono kujikinga macho, akarudi kimya.

Kuna kitu kinanigusa hapo. Ibn al-Haytham wa Basra, miaka elfu moja nyuma, alijaribu mwanga kwa namna hii hii: alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, kila taa ikaweka doa lake ukutani, akiziba taa moja doa lake peke yake lapotea. Hivyo alionyesha kwamba mwanga wenda umenyooka na miale haiingiliani ikipita tundu moja. Ukuta na giza, basi.

Umbali

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa, kwa sababu wanaamini lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye balbu) ikiwa mara mbili basi utaona mara mbili mbali. Mwanga ukisafiri unapanuka, ukienda umbali mara mbili ukali wake unabaki robo. Kwa hiyo ili uone mara mbili mbali wataka mwanga mara nne, na mwanga mara mbili wakuongezea umbali kama mara 1.4 tu. H4 ya wati 55 upande wa dimu yatoa kama lumeni 1,000, zenoni ya wati 35 kama 3,200, hiyo ni tofauti kubwa, lakini kwa umbali ni chini ya mara mbili. LED nzuri za kiwandani nazo ziko juu ya halojeni, ila namba kubwa kubwa zilizoandikwa kwenye sanduku za LED za kubadilishia mimi sizifuati.

Na kwenye dimu umbali unatawaliwa na kile kimo cha mstari kuliko nguvu. Taa iko sentimita 65 juu, inashuka sentimita 1 kila mita, itagusa lami mita 65 mbele. Ukienda kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde, ukishtuka kwa sekunde moja na nusu ni mita 33 zimeisha, breki nayo itaka kama 35 zaidi. Yaani umefika mwisho wa mwanga wako na hujasimama bado. Balbu yoyote kati ya hizi tatu haikuondolei hesabu hiyo, labda fulu.

(Kuna taa za leza pia, BMW i8 ya 2014, leza inapiga unga wa fosfori unaougeuza kuwa mwanga mweupe, na mwanga wa fulu unafika mita 600. Si za kununua dukani hizo.)

Mvua na macho

Mtu atakwambia mwanga wa njano unapenya mvua. Matone ya mvua na hata ya ukungu ni makubwa sana ukilinganisha na wimbi la mwanga, kwa hiyo yanarudisha rangi zote karibu sawa. Kinachokuumiza kwenye mvua ya mwezi wa tano ni mwanga uliopanda juu, unagonga matone na kukurudia usoni, ndo maana ukiweka fulu waona pazia. Zenoni na LED kwenye nyumba zake zenye mstari safi hazina tatizo kwenye mvua. Kwenye bakuli lisilo lake, zote mbili mbaya.

Macho ni habari tofauti. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: halojeni iko kama 3,200, njano njano, zenoni ya kiwandani kama 4,300, LED nyingi 6,000, nyeupe inayoelekea buluu. LED nyeupe ni chipu ya buluu iliyofunikwa fosfori, na hiyo chipu ya buluu ilikuwa ngumu kutengeneza kiasi kwamba Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake. Ni kazi ya heshima. Lakini mwanga wenye buluu nyingi unasumbua macho zaidi kwa ukali ule ule, na wazee wetu, hasa mwenye mtoto wa jicho, akimulikwa anachukua muda zaidi kurudi kuona. Fikiria mzee anavuka pale Kongowea.

Na mzigo jamani. Ukipakia nyuma pua ya gari yainuka, digrii moja tu ni sentimita 17 juu kwa kila mita 10. Kanuni za Ulaya zataka taa za zaidi ya lumeni 2,000 ziwe na mtambo wa kujisawazisha zenyewe na wa kujiosha, kwa sababu taa kali iliyoinuka kidogo au yenye uchafu inapofusha. Seti ya zenoni ya dukani haina hata kimoja.

Joto, chumvi, waya

Halojeni inapoteza nguvu yake nyingi kama joto, na inavumilia. Usiishike kioo kwa vidole vitupu, mafuta ya mkono yanaunda doa la joto na balbu yafa mapema. Adui yake mkubwa hapa Pwani ni waya. Mwanga wa halojeni unashuka haraka sana volti zikipungua, ukipoteza asilimia 10 ya volti umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, na hewa yetu ya chumvi inakula waya wa ati (ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) kila siku. Kwa shemeji tulipima: kwenye betri injini ikiwaka volti 14.1, kwenye balbu ya kulia 12.0. Karibu asilimia 40 ya mwanga ilikuwa imepotea, na alikuwa akilaumu balbu. Tukafungua skrubu ya ati, ikatoka na kutu ya kijani, tukasugua, tukapaka grisi.

Zenoni yataka kama volti 20,000 kuamka, kazi ya balasti, kile kisanduku cha kupandisha volti, halafu sekunde kadhaa kufika mwanga kamili. Maji yenye chumvi yakiingia kwenye balasti kwisha habari, na huo umeme usiuguse, mpe fundi wa waya anayejua. LED haisumbuliwi na volti kupungua kidogo, ila joto lake liko nyuma, pale kwenye kifeni, na kifeni kikijaa vumbi au kikifa kwenye joto letu chipu inafifia halafu yafa. Zile za bei rahisi pia zinatia kelele kwenye redio ya FM.

Kitu kimoja cha zote tatu: kile kioo cha plastiki cha mbele kinakuwa cha njano kwa jua. Kikishakuwa na ukungu hata mwale mzuri unatawanywa pale pale. Msasa laini wa maji na polishi.

Mfuko

Halojeni rahisi kuliko zote, ipo kila duka, unabadilisha mwenyewe. Zenoni ya kiwandani balbu yake ghali na ubadilishe mbili pamoja la sivyo rangi zitatofautiana. LED ya kubadilishia iko katikati. LED ya kiwandani ikifa mara nyingi ni taa nzima, hiyo ndo inauma kweli.

Sasa wewe je

Kama unazunguka mjini, Tudor, Nyali, Changamwe, na taa zako ni za bakuli, halojeni mpya ya kampuni inayojulikana, waya zikaguliwe, plastiki isuguliwe. Wengi wataona ni kama wamebadilisha gari.

Unapanda Nairobi usiku mara kwa mara, Mariakani, Mackinnon Road, Voi, na gari lina projekta za zenoni kutoka kiwandani, baki nazo, nunua za 4,300, usifuate zile za buluu, mwanga wake unapungua. Kama una bakuli na wataka zenoni kwa nguvu zote, tafuta taa nzima ya projekta ya modeli yako, si balbu peke yake.

Mwenye tuktuk au bodaboda, LED yaweza kukufaa zaidi kuliko wote, kwa sababu umeme wenu ni mdogo na LED inakula kidogo, hata ukisimama stendi taa haififii. Ila tafuta isiyo na kifeni kama yapatikana, kwa mtikisiko, na upime ukutani kabla ya kulipa. Mwenye duka akikataa kujaribu, nenda duka jingine.

Matatu na Probox za mzigo, aina yoyote, zungusha kile kigurudumu cha kushusha taa ukishapakia kama unacho. Mzee anayeona kwa shida usiku, halojeni na kioo cha mbele kilichosafishwa ndani na nje, na daktari wa macho kabla ya duka la spea. Gari jipya la LED za kiwandani, usiguse kitu.

Shemeji alirudisha LED, akachukua H4 mbili na karatasi ya msasa. Ukifanya jaribio la ukuta nyumbani, jaza upepo magurudumu yote sawa na umweke mtu kwenye kiti cha dereva, vinginevyo mstari utakudanganya kwa sentimita kadhaa.